Kwaya Iliyojichoma Miiba

"Mama Lennox, huyo kijana wako anaficha nini mikononi, hata avae sweta na jua limewaka hivi?"

Jirani yangu Nanzala aliniuliza hivyo mwezi wa pili, tukiwa tumeinama juu ya turubai tukianika mahindi, na wanawake wengine watatu wakisikiliza. Nanzala si mtu wa kuuliza asichokijua. Huuliza vile kuku anavyoparura, mdudu ameshamwona. Nikamjibu kwamba Lennox ana malaria ya siku nyingi, anasikia baridi hata mchana. Wale watatu wakasema "pole" kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi. Mimi nikaendelea kugeuza mahindi. Uongo huo niliutubu, na Jumapili nikausema tena mlangoni pa kanisa.

Ukweli ni kwamba Lennox alikuwa anajidunga heroini. Alikuwa na miaka ishirini. Mkono wake ulijua sindano kabla haujajua wembe wa ndevu, na hapo mwanzo haikuwa kwa ubaya. Baba yake, Okumu, alikuwa mgonjwa wa sukari. Macho yake yalipofifia, na mimi nikawa natetemeka kila nikishika sindano, mtoto ndiye aliyemdunga baba yake insulini asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya chakula. Okumu alimwita Daktari.

Halafu ikaja Januari ya 2008, fujo za baada ya uchaguzi, na nyumba yetu ya upande wa Turbo ikachomwa. Aliyetuokoa ni Hellen Cherono, Mama Kipkirui. Alitufungia kwenye ghala lake la mahindi siku mbili, akaketi mlangoni akichambua mboga kama mtu asiye na wageni. Vijana walipita na mishale wakamuuliza kama ameona Wajaluo. Akawauliza kama mama zao wanajua waliko. Siku ya tatu mume wake akatupeleka uwanja wa maonyesho, palipokuwa kambi ya wakimbizi, kwa trekta, chini ya magunia. Sindano tulikuwa nazo, kwenye mkoba wa shule wa Lennox. Dawa ndiyo hatukuwa nayo. Ilibaki kwenye chungu cha mchanga tulimokuwa tukiihifadhi isipate joto, ikaungua na nyumba. Okumu alikufa kambini wiki ya pili.

Kwa hivyo mtu asije akaniambia simjui Hellen. Namjua kuliko wale wanaomsifu.

Mwaka wa 2015 watu wa utafiti wakaja. Walikodi nyumba ya vyumba vitatu hapa Kiplombe, nyuma ya posho mill, na mimi nikapata kazi ya kupiga deki na kupika chai. Kiongozi wao alikuwa msichana wa Nairobi, Muthoni, mwenye digrii mbili na viatu vyeupe ambavyo matope ya Kiplombe yalivimaliza kwa siku mbili. Alikuwa na adabu. Aliniita mum. Lakini aliamini karatasi kama vile wengine wetu tunavyoamini Zaburi.

Walitaka kujua ni wangapi kati ya wanaojidunga hapa Eldoret walio na virusi kwenye damu, vya ukimwi na vile vya ini wanavyoviita hepataitisi C. Majina hawakuandika. Watu wa namna hiyo hawaji kwa kuitwa na kipaza sauti, kwa hivyo walikuwa na njia yao. Mmoja akishapimwa anapewa kuponi tatu zenye namba, awape wenzake watatu anaowajua. Hao wakija, kila mmoja naye anapewa tatu. Na ili mtu asirudi mara ya pili akijifanya mgeni, walimpima mkono kwa rula, kutoka kiwiko hadi kifundo, wakaandika urefu. Watu wa sokoni wakasema hao wanapima vipimo vya majeneza. Acha waseme.

Aliyepimwa alipewa mfuko wenye sukari na sabuni, shukrani kwa muda wake. Hapo kwenye sukari ndipo shetani alipovuta kiti.

Lennox alikuja wiki ya kwanza. Nilimkuta kwenye benchi, nikampa chai kama ninavyompa mgeni, naye akasema "asante, mama" kama anavyosema kijana wa watu. Ukimwi hakuwa nao, Mungu asifiwe. Ule ugonjwa wa ini alikuwa nao. Muthoni akamweleza kwamba una dawa, na kwamba kuna dawa nyingine ya kunywa kila asubuhi mbele ya nesi, inayomwondolea mtu kiu ya sindano. Zote mbili zingeletwa Eldoret kama hesabu itaonyesha kuna haja. Isipoonyesha, zitapelekwa mji mwingine.

Jioni hiyo Lennox alisimama mlangoni pa jikoni, akaegemea mwimo.

"Mathe, wakileta hiyo dawa, mimi naenda siku ya kwanza."

"Utaenda?"

"Nimechoka, mathe. Hii kitu imenichosha."

Miaka mitano nilikuwa nimeombea neno hilo. Nilifunga, nikakesha, nikamwagiwa mafuta na wachungaji wa kila aina, wengine wakimtafuta pepo kwa jina. Na sasa neno limekuja lenyewe, kwa sababu ya msichana wa viatu vyeupe. Sikupiga vigelegele. Nilimpa ugali, nikakaa nikimwangalia akila.

Kumbe upande wa pili kulikuwa na watu wengine waliochoka, hao wakiwa wamechoka kutafuta sukari.

Kanisa letu lilikuwa limeahidi sukari ya mkutano wa akina mama kule Cheptiret. Hellen, ambaye sasa tunasali naye na ndiye mwenyekiti wa akina mama, aliitoa ahadi hiyo mbele ya makanisa saba, kwa sauti, na hapakuwa hata na kijiko. Basi kulikuwa na mwenzake Lennox mmoja, Okello, mtu wa kubadilisha chochote kwa chakula. Yeye akabadilisha kuponi zake tatu kwa sahani ya githeri jikoni mwa kanisa. Mwalimu wa kwaya, Nicholas, akazishika zile kuponi, akauliza maswali mawili matatu, na Okello akamfundisha namna ya kujibu kama mtu wa sindano, ili kwaya ikaichukue hiyo sukari.

Kikwazo kilikuwa alama. Mtu anayejidunga lazima aonyeshe mkono. Kwaya yetu haikukosa hekima. Ua wa kanisa ni wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu kama kidole. Wakavunja mwiba mmoja mzuri, wakasimama kwa mstari nyuma ya kanisa wakichomana. Mwiba mmoja, mkono kwa mkono, kama kikombe cha ushirika.

Jumatatu ikaja sauti ya kwanza. Jumanne ikaja sauti ya pili. Jumatano wanaume, sauti ya tatu na besi, wakaingia pamoja, wameoga, viatu vimepigwa rangi, wakaketi kwenye benchi wima kana kwamba wanangoja kuinuliwa mkono waanze. Walevi wa kweli wa sindano waliokuwa pale wakawasogea mbali. Hata wao waliona kitu hakiko sawa.

Nilikuwa napiga deki chumba cha maswali, nikamsikia kijana wa Muthoni akimuuliza mwimbaji mmoja:

"Unajidunga mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

Kijana akaandika. Akaingia wa pili.

"Mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

Akaandika tena. Watu sita wakasema hivyo asubuhi hiyo, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeinua kichwa akashangaa ni heroini gani inayoandikwa na daktari. Nikakamua kitambaa changu. Ukiwa na ndoo mkononi, watu wenye digrii huona ndoo tu.

Sauti ya pili ilikuwa na Nanzala. Nilimpelekea chai nikamkuta amekunja mkono wa blauzi mpaka begani, mkono mnene, mweupe kwa losheni, na vitone vyekundu saba vimetapakaa juu yake kama vya viroboto.

"Nanzala. Na wewe umeshikwa na malaria?"

"Shh! Mama Lennox, usituharibie. Ni ya mkutano."

"Na ukipatikana?"

"Nipatikane na nini? Mimi ni mtu wa kanisa." Akanywa chai. "Ongeza majani kidogo kesho. Hii ni kama maji ya kunawa."

Sasa mimi alama za sindano nazijua. Zinafuata mshipa, moja nyuma ya nyingine, kama mashimo ya panya kando ya mtaro. Mshipa ukichoka unakuwa mgumu kama kamba, mtu anahamia mwingine. Mwiba haujui mshipa. Unachoma popote, ngozi inavimba, kesho yake imepona. Mtoto wa darasa la tatu angeona tofauti, lakini lazima awe ameona mkono wa kweli kwanza, na kule kwa Muthoni walikuwa wameusoma kitabuni.

Ukutani mwa ofisi yake Muthoni alikuwa amebandika karatasi kubwa, amechora kama mti uliopinduliwa. Kila aliyepimwa ni duara lenye namba, na kutoka kwake vinatoka vijitawi vya wale aliowapa kuponi. Mwenye virusi vya ini anapigwa doa jekundu. Ijumaa nilipokuwa napangusa vumbi, nikaona upande mmoja wa mti una madoa kila mahali. Upande wa pili umenenepa, maduara thelathini na kitu, na hakuna doa hata moja. Safi kama meza ya Bwana.

Muthoni akaingia, uso umefurahi.

"Habari njema, mum! Mwanzoni niliogopa. Nusu yao walikuwa na virusi. Lakini tukiendelea kupima, inashuka. Wiki hii nzima, hakuna hata mmoja."

"Na ikishuka inakuwaje?"

"Ni vizuri. Maana yake Eldoret haiko vibaya."

"Na ile kliniki?"

Akakuna sikio kwa kalamu. "Hiyo itaenda penye shida zaidi. Tukifunga hesabu wiki ijayo kama ilivyo, sidhani itakuja huku. Lakini hiyo si ndiyo furaha, mum? Kwamba haihitajiki?"

Nikamwambia ndiyo, ni furaha. Nikatoka na ndoo, nikamwaga maji mahali pabaya, nikarudi kuyapangusa.

Neno linasema ndugu yako akikosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Jumamosi nikaenda kwa Hellen. Nilimkuta uani akipepeta maharagwe. Akaniletea kiti na maziwa ya mursik, na tukaulizana hali ya watu wote mpaka wakaisha.

"Mama Kipkirui," nikasema, "hii maneno ya kuponi, iachwe."

"Kuponi gani?"

"Sukari imejaa store ya kanisa mpaka mlango haufungi, na wewe unauliza kuponi gani."

Akacheka. Hellen hucheka na mwili wote, ungo ukicheka naye. "Aki Apondi, si hata wana wa Israeli walitoka na vyombo vya Wamisri? Na Mungu ndiye aliwaambia. Hao watu wa Nairobi wana sukari mpaka wanawapa walevi. Kwani sisi tumekosa nini?"

"Wamisri hawakuwa wanahesabu wagonjwa."

"Wacha wahesabu. Tumewaongezea hesabu."

"Mmewapunguzia. Hiyo namba ikiwa ndogo, dawa haiji. Kuna watoto wa watu wanaingoja."

"Watoto wa nani?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka, nikautilia maziwa.

"Wa watu," nikasema. "Halafu ule mwiba. Mwiba mmoja umepita mikono zaidi ya thelathini. Ugonjwa unaotafutwa pale hupita hivyo hivyo, damu kwa damu."

"Hao ni watu wameokoka, Apondi."

"Damu haijui nani ameokoka."

Akaweka ungo chini. Sasa hakuwa anacheka. "Mkutano ni Alhamisi. Nilisema mbele ya makanisa saba. Unataka nisimame pale mikono mitupu? Wewe? Mimi niliketi kwenye mlango wa ghala siku mbili, Apondi. Sijawahi kukuuliza kitu."

Na ni kweli hakuwahi. Miaka saba hakuwahi kulitaja, na ndiyo sababu nilimheshimu. Sasa amelitaja kwa ajili ya sukari. Nilimaliza maziwa kwa sababu kuacha maziwa ya mtu ni tusi, nikamshukuru, nikaenda nyumbani nikitembea polepole.

Lennox alikuwa amelala kwenye kochi. Mkono umening'inia, nikauosha kwa maji ya chumvi kama nilivyokuwa nikifanya siku zote pale penye kidonda. Nikamweleza yote. Hakufumbua macho.

"Wachana nao, mathe."

"Na dawa?"

"Mama Kipkirui alitulaza kwake. Mimi nakumbuka harufu ya ile ghala. Huwezi mfanyia hivyo." Akageukia ukuta. "Na ukisema, watakuuliza umejulia wapi."

Alikuwa ameona vizuri kuliko Muthoni na digrii zake. Hapo ndipo bei ilipokuwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupima. Nilifika mapema, nikapika chai, nikaongeza majani. Saa nne mlango ukafunguka, akaingia Hellen mwenyewe. Amefunga kitambaa cha bluu cha umoja wa akina mama, mkoba kwenye kiwiko, Nanzala nyuma yake kama karani. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, mwenyekiti, bibi wa wajukuu wanne, na kuponi mkononi.

Muthoni alikuwa mezani siku hiyo, akisaidia kumaliza. Akatazama kitambaa. Akatazama kuponi. Kuponi ilikuwa na namba sahihi, kwa hivyo akaamini kuponi.

"Karibu, mum. Tuonyeshe mkono."

Hellen akanyoosha mkono juu ya meza. Miiba ilikuwa imemchoma vibaya, hakufanya mchezo. Muthoni akachukua rula. Mle ndani tulikuwa watu saba, walevi watatu na sisi wanne. Sikumwona mtu. Niliona rula ikigusa kiwiko.

"Daktari," nikasema, "usipime huo."

"Mum?"

"Hizo ni alama za mwiba. Wa kayaba. Huyu hajawahi kujidunga. Na wale wa wiki iliyopita, wale waliooga, ni kwaya ya kanisa letu. Ndio ule upande wa mti usio na doa."

"Apondi," Hellen akasema taratibu.

Muthoni aliweka rula chini. "Mum, umejuaje?"

Nanzala alikuwa ameinamisha shingo mbele, hata pumzi ameizuia asije akakosa neno. Nikamwangalia yeye kwanza, halafu nikamwangalia Hellen.

"Kwa sababu mkono wa kweli nauosha kila siku nyumbani kwangu. Lennox wangu anajidunga. Mwaka wa tano huu. Haugui malaria. Mlimpima hapa wiki ya kwanza, nikampa chai nikijifanya simjui. Ana ugonjwa wa ini, na anangoja hiyo dawa mnayotaka kuipeleka mji mwingine kwa sababu sauti ya pili imesema inajidunga mara tatu baada ya chakula."

Mlevi mmoja akacheka kwa sauti, halafu akajizuia. Nanzala akafunga mdomo, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Muthoni alikuwa amebadilika rangi. Akafungua madaftari, akafunga. "Mum, mimi nakuamini. Lakini siwezi kufuta watu thelathini na nane kwa neno la..."

Akakwama.

"La mpiga deki," nikammalizia.

"Lazima mmoja wao akubali. Na lazima nijue waliingilia wapi, kuponi ya kwanza ilikuwa ya nani. Nikikata mahali pabaya nitawatoa hata wa kweli. Bila hivyo, nafunga hesabu kama ilivyo."

Basi ikawa imerudi kwa Hellen. Mkono wake ulikuwa bado juu ya meza, vile vitone vimevimba. Wa kwaya walikuwa kwao, wananywa chai ya sukari. Nicholas alikuwa shuleni anafundisha. Aliyekuwepo ni yeye, na angeweza kusema mimi ni mwanamke mwongo, mama wa mlevi, na kila mtu kanisani angemwamini, kwa maana nimewadanganya mwenyewe miaka mitano.

Alinigeukia. Sikusema tafadhali. Kwa maisha yangu nilishamwambia mara moja, kwenye ghala, na sikuwa na la pili.

"Huyo Lennox," akasema, "ndiye yule alikuwa anadunga baba yake?"

"Ndiye."

"Akiwa mdogo hivi." Akaonyesha kimo kwa mkono mwingine. Halafu akamgeukia Muthoni, na sauti yake ikawa ya mwenyekiti anayesoma ajenda. "Andika. Wa kwanza ni Nicholas. Alipewa kuponi na Okello, zote tatu. Kutoka hizo tatu kwenda chini, wote ni wetu. Hakuna mgonjwa hapo. Toa wote."

Muthoni akasimama mbele ya karatasi yake, akapandisha kidole kutoka namba ya kuponi ya Hellen hadi kwa wale wa kwanza wa Jumatatu iliyopita, akampata aliyewapa kuponi, akachora mstari chini yake. Nilimsikia akihesabu maduara yaliyobaki kwa mnong'ono, nusu yake yana doa.

Hellen akaiacha kuponi mezani. Akaokota mkoba wake, akapita mbele yangu karibu mpaka kitambaa chake kikagusa bega langu, akafungua mlango mwenyewe na kutoka.